Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Mto Ouse umepanda ngazi leo,
umeingia baa ya ukingoni bila kupiga hodi.
Mabasi hayavuki daraja. Kazini wamesema nisije.
Huku Acomb, juu kidogo, mvua inagonga dirisha
kama mdai aliyechoka kuambiwa kesho,
nami nimejifunika blanketi mbili na riwaya
niliyoazima maktaba, yenye chapa kubwa,
kwani nyingine zote zilikuwa za wauaji.

Ndani yake mna mjane. Anamsubiri mtu.
Mwandishi amemchelewesha mtu huyo kurasa arobaini,
na mjane, kwa kukosa la kufanya, anaoka keki.
Akayeyusha chokoleti, imeandikwa, jiko likanukia giza.
Basi. Hakuna gramu, hakuna dakika.
Waandishi ndivyo walivyo:
wanakuwashia njaa, wanaondoka na kiberiti.

Na pembeni mwa ukurasa wa mia na kumi na mbili
pana doa la kidole gumba, rangi ya kahawia,
limekauka na mistari yake yote.
Nikalinusa. Nani ananiona?
Karatasi tu, na vumbi.
Lakini nilikwisha kutoka kitandani.

Kabatini: unga nusu mfuko. Siagi ya Jumapili.
Mayai matatu, moja lina ufa.
Kopo la kakao alilonipa Bi Doreen wa mlango wa pili
alipofiwa na mumewe; alisema yeye hanywi,
marehemu ndiye aliyekuwa mnywaji.
Na chokoleti vipande sita, masalio ya Krismasi,
nilivyovificha nisivione mwenyewe.

Hapa nisimame kidogo.
Kwetu Kyela kakao haikuwa tamu. Ilikuwa ada ya shule.
Tulipasua tunda, tukamumunya ute mweupe,
mbegu tukazitia sandukuni chini ya majani ya mgomba
siku sita, zivunde, zinuke siki,
kisha juani, mkekani, na mimi na fimbo yangu
nikigombana na kuku.
Shangazi Subilaga alizipima kwa kiganja,
akajua kilo kabla ya mzani,
na mzani ulipompunja alijua vilevile.
Hakuna aliyetuambia zinakwenda kuwa nini.
Chokoleti yangu ya kwanza niliila nikiwa na miaka ishirini na mitatu,
stesheni, treni imechelewa,
nikakasirika hadi machozi, mdomo umejaa:
Kumbe! Kumbe ndicho mlichokuwa mnakificha!

Basi nikapima kwa kiganja cha shangazi.
Siagi ikalegea, sukari ikazama,
vipande sita vikasahau pembe zao ndani ya bakuli,
polepole, kama watu waliofika nyumbani na kuvua viatu.
Mlango wa oveni haufungi; niliuzuia kwa kiti.
Mita ya gesi ilibaki pauni mbili na chenji.
Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye joto,
nikaendelea kusoma.
Mjane naye alikuwa akisubiri keki yake iumuke.
Tukawa wawili.

Harufu ndiyo iliyonisaliti. Ilipita chini ya mlango,
ikateremka barazani, na mara Bi Doreen huyo,
ndara miguuni, uma mbili mkononi,
haulizi kitu.

Keki ilikuwa imebonyea katikati kama godoro la kale.
Tuliila kutoka kwenye chombo, ingali moto,
tukianzia bondeni, palipokuwa na uji.
"Sherehe ya nini?" akauliza hatimaye.
"Ya mafuriko," nikasema.
Akaona hilo linatosha.

Kisha akataka kujua kitabu kinasemaje.
Nikamsomea. Nilifungua kurasa kwa kidole
nilichosahau kukipangusa.
Mjane amekata keki vipande vinane, amevaa hereni,
anatazama saa, anatazama njia.

Bi Doreen akalamba uma, akatikisa kichwa.
"Hatakuja huyo," akasema. "Mwambie ale."